Hapana ya Holger

Holger Rübsam hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo, mengi yake yalikuwa hapana. Hapana, upepo wa leo haufai. Hapana, bawa la kushoto hujalikagua, rudi ukalikague. Hapana, bia haifunguliwi mpaka ndege ya mwisho ioshwe na kuingizwa bandani. Miaka yote aliyokuwa mwalimu mkuu wa klabu yao ya ndege zisizo na injini, pale juu ya kilima cha Krähenberg, watu walimnung'unikia na kumwiga sauti nyuma ya mgongo wake. Na bado mzazi yeyote wa bonde lile aliyekuwa na mtoto anayetaka kuruka alimleta kwake yeye huyo huyo.

Sasa Holger mwenyewe haruki tena. Daktari alikwisha kumwambia kwamba ni saratani ya kongosho, na kwamba imeshatambaa. Cheti chake cha afya kikafutwa, na mwalimu akageuka kuwa mtu wa kukaa kitini. Kiti chenyewe kilikuwa cha kitambaa, kile cha kukunja. Kila asubuhi mkewe, Silke, alikiweka kando ya uwanja wa nyasi, pale ndege zinapogusa ardhi, akamfunika mumewe blanketi magotini ingawa jua la Agosti lilikuwa bado linachoma, akamwachia redio ya mkononi na chupa ya chai. Jumatatu alikuwa anakwenda kulazwa. Hakuna aliyelisema, lakini kila mtu alijua kwamba huko haendi kupona.

Na kabla ya hiyo Jumatatu alikuwa na haja moja tu hapa duniani: amwone binti yake, Merle, akiruka peke yake.

Merle alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mkaidi, pua ile ile ya baba yake. Ilikuwa wiki ya mwisho ya likizo, wiki ya kambi, ambapo wanachama wote hulala uwanjani kwenye mahema na karavani na kuruka kila siku mpaka Jumapili. Mwanafunzi wa pale harushwi peke yake mpaka walimu wawili wakubaliane: yule anayekaa naye kiti cha nyuma, na mwalimu mkuu. Wa kiti cha nyuma alikuwa Reinhild, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta na moyo wa siagi. Mwalimu mkuu unamjua.

Jumatano umande ulichelewa kukauka, ndiyo kawaida ya mwisho wa Agosti. Jua liliposhika, Alois akawasha winchi, ile mashine ya kuvuta waya, kule mwisho wa uwanja, waya ukakaza, na ndege ya viti viwili ikanyanyuka na kupanda angani kama tiara. Merle mbele, Reinhild nyuma. Kule juu ikauachia waya, kukawa kimya, ikaanza kuzunguka ikitafuta hewa moto inayopanda. Holger aliitazama mpaka macho yakamtoka machozi kwa jua. Msichana alikuwa anajua. Tuseme kweli, alikuwa anajua kuliko baba yake alivyojua katika umri ule: mkono mwepesi, kona safi, haparamii kitu. Taabu yake ilikuwa ardhi.

Ikaja kutua. Ikapita juu ya uzio, juu ya mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, ikateremka vizuri, vizuri kabisa, halafu ilipokaribia pale penye kiti, pua ikanyanyuliwa mapema. Ndege ikaelea kimo cha mtu, ikaishiwa kasi, ikajibwaga chini puu! Ikaruka, ikajibwaga tena. Holger aliuma meno. Alijua kwamba ule mkono wa Reinhild ndio uliookoa uti wa mgongo wa mtoto wake.

"Leo afadhali kuliko jana," Reinhild akasema, akija huku anapangusa jasho.

"Jana alinyanyua mapema?"

"Alinyanyua."

"Na leo?"

"Aa, Holger, wewe nawe!"

"Basi hakuna afadhali. Ni ile ile."

Merle alisimama kando, kofia mkononi. "Nimekosea wapi, Baba?"

"Tazama mbali. Mwisho wa uwanja. Ukitazama karibu, mkono unadanganyika."

"Natazama mbali."

"Hutazami."

Msichana akavaa kofia yake. Akaenda kuisukuma ndege irudi kwenye foleni pamoja na wenzake, maana kazi ya pale ndiyo hiyo: saa moja ya kuruka, kutwa nzima ya kusukuma.

Mchana walikaa kwenye meza ndefu kula keki ya plamu, huku nyigu wakigombania vipande kuliko watu. Alois, mwendesha winchi, mzee wa mkono mkubwa kama koleo na mdomo usiokuwa na mlango, akamsogelea Holger.

"Bwana mkubwa, mtoto keshaiva huyu. Unamgeuzageuza jikoni mpaka aungue?"

"Hajaiva."

"Jumapili si ndiyo mwisho, jamani?"

"Kalenda ninayo, Alois."

Alois akatia kipande cha keki mdomoni, kizima kizima, ili asiongeze neno. Reinhild akaona ajaribu yeye.

"Ile ya pili ya asubuhi ulikosa kuiona. Ulikuwa umekwenda kulala karavani. Alitua laini, Holger, sikugusa kitu. Mikono nilikuwa nimeipakata."

"Ajabu," Holger akasema. "Nzuri zote zinatua mimi nimelala."

Aliamini kwamba wanamhurumia, na huruma ya uwanjani aliijua. Alipokuwa kijana, mwenzake mmoja, Torsten, aliruhusiwa kuruka peke yake siku yake ya kuzaliwa, kama zawadi. Hakuwa tayari, kila mtu aliona hivyo, lakini mwalimu wa enzi zile alikuwa mtu mwema na hakuweza kumnyima mtu kitu. Holger alikuwa miongoni mwa waliokimbia na kumtoa kwenye vipande vya ndege. Tangu hapo hakumpa mtu yeyote ruhusa asiyoiona kwa macho yake mwenyewe, na hakutaka kuanza leo, na wala si kwa mtoto wake.

Ijumaa ikawa siku ya kupendeza, hewa inapanda, vipande vya mawingu meupe vimetandazwa kama pamba ya kuanikwa. Merle aliruka na kuruka tena. Kutua kwake kwa mwisho hakukuwa kubaya sana. Ndege ilidunda mara moja tu. Ndipo Reinhild akafungua kioo, akashuka, akainama tena ndani, akaanza kufunga mikanda ya kiti cha nyuma.

Sasa hapo lazima uelewe. Klabu ile hakuna anayemwambia mwanafunzi, "Leo utaruka peke yako." Mwalimu hushuka, akaifunga ile mikanda kwenye kiti kitupu na kuikaza sana isije ikaning'inia na kunasa usukani angani, basi. Mwanafunzi aliye mbele husikia kile chuma kikijifunga nyuma yake, na hapo moyo unamruka, maana ameshajua. Na utaratibu wenyewe ni kwamba mwalimu kwanza anamuuliza mkuu, ndipo anafunga. Reinhild alianza kufunga. Alifanya kusudi, ili Holger akikuta jambo limekwisha aone haya kulivunja.

Merle alisikia. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Silke, aliyekuwa amebeba chai, akaweka chini na kuanza kulia pale pale. Kwenye redio Alois alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye winchi, "Vipi huko? Ni yeye? Ni yeye?" Wanachama waliokuwa wakila wakaacha kula. Kisha, mmoja mmoja, wote wakageuza nyuso kukitazama kiti, na wa mwisho kutazama alikuwa Reinhild. Macho yake yalikuwa yanasema: nisamehe, na umpe.

Alitaka kumpa, jamani. Alitaka kuliko alivyotaka kupona. Kilichohitajika kilikuwa kuitikia kwa kichwa tu, kidogo, na angeyaona hayo aliyoyangojea tangu mtoto huyu akitambaa kwenye nyasi zile zile. Lakini alipoyafumba macho aliiona ile pua inanyanyuka mapema, na safari hii nyuma hakuna mtu.

"Hapana," akasema.

Reinhild bado alikuwa ameshika mkanda.

"Fungua mikanda, Reinhild."

Merle akashuka. Akaivua parachuti mgongoni, akaibwaga chini kwenye nyasi, akaja mpaka mbele ya kiti, uso mwekundu.

"Unataka ufe hujaniona, siyo? Basi kufa!"

"Merle!" Silke akapiga ukelele. Lakini msichana alishakwenda zake, anakimbia kuelekea mahemani.

"Mwache," Holger akasema. "Hiyo parachuti iokoteni. Itashika unyevu."

Watu wakamwona jiwe. Ni Silke peke yake, aliyekuja kumrekebishia blanketi, aliyeona jinsi alivyokuwa amelikamata pindo lake kwa mikono miwili.

Hata yeye hakumsamehe. Walipokuwa wanakula viazi vyao ndani ya karavani jioni ile, akasukuma sahani.

"Miaka yote nimeishi na hapana zako, Holger. Kuhamia mjini, hapana. Mtoto wa pili, hapana. Nikajipa moyo, nikasema huyu bwana lazima ameweka ndiyo moja akiba. Kumbe hata hiyo huna."

"Nikimpa akavunjika, nani atamwuguza? Mimi?"

"Nani kasema atavunjika?"

"Nani kasema hatavunjika?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale walikuwa wazazi wawili, kila mmoja na uchungu wake, na haukulingana.

Jumamosi maumivu yakamshika Holger kweli kweli. Hakuweza kutoka. Karavani yao ilikuwa nyuma ya banda la ndege, mahali ambapo uwanja hauonekani hata kidogo, akabaki amelala anausikiliza. Mtu aliyekaa pale miaka mingi kama yeye hahitaji macho kwa mambo mengine. Alisikia winchi ikinguruma, akasikia waya ukianguka. Baadaye akasikia ule mluzi mwembamba wa ndege inayoteremka, akajikaza kungoja kishindo. Hakikuja. Kilichokuja ni gurudumu likichakarisha nyasi, taratibu, mpaka likasimama.

Akadhani ni Reinhild anaruka mwenyewe. Ikaja ya pili, laini vile vile. Ikaja nyingine.

Silke alipoingia na dawa, akamuuliza, "Nani yuko na ndege ya viti viwili?"

"Merle. Reinhild kambembeleza asubuhi nzima ndiyo akakubali kupanda."

"Zote hizo ni zake?"

"Zake. Kwani vipi?"

"Nipeleke kitini."

"Holger, hata kusimama huwezi."

"Nipeleke, Silke."

Akampeleka, akimshika kiunoni, hatua kwa hatua. Akakaa. Ndege ikaja, ikapita uzio, ikashuka vizuri, ikakaribia, pua juu, puu! Holger akaitazama muda mrefu, kisha akasema arudishwe karavani. Silke akaona sasa ugonjwa umepanda kichwani, lakini akamrudisha. Akalala, akatega sikio. Mluzi, nyasi, kimya.

"Niitie mtoto," akasema.

Merle akaja, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyekuja kudai kilicho chake.

"Ukitua unatazama wapi?"

"Mbali. Ulivyosema."

"Nikiwa nimelala huku, ndiyo. Nikiwa kitini?"

Msichana akaanza kujimenya ngozi ya kidole. Holger alingoja. Kungoja alikujua.

"Nakutazama wewe," Merle akasema.

"Mimi nina nini cha kutazama?"

"Ile siku ya kwanza ya kambi. Nilikuwa nashuka nikaona kichwa chako kimeangukia kifuani, mkono unaning'inia. Nikajua basi. Hata sijui nilivyotua. Nikaruka nje nikaja mbio, nakuta unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, Baba. Mpaka Mama anajua."

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja.

"Tangu siku ile siwezi," Merle akasema. "Nikifika pale najiambia leo sitazami, lakini shingo inageuka yenyewe. Lazima nione kama umekaa wima. Nikishaona ndiyo nakumbuka uwanja, na mkono umeshavuta."

Holger akaegemeza kichwa ukutani. Kumbe ndivyo. Kumbe siku zote hizi Reinhild alikuwa anasema kweli, na yeye ndiye kipofu. Mtoto alikuwa ameiva tangu zamani. Kizuizi kilikuwa kimekaa kitini, kimefunikwa blanketi, kina redio mkononi, kinangoja kuona. Lile alilolitaka kuliko yote duniani lisingefanyika akiwapo kulitazama. Iliuma, tena iliuma mahali ambapo dawa ya Silke haifiki.

"Kesho nakwenda nyumbani," akasema.

"Hapana!"

"Hilo neno ni langu, wewe tafuta lako."

"Nataka unione, Baba. Mimi nafanya yote haya ili unione."

"Na mimi nataka kukuona. Tukiling'ang'ania hivyo wote wawili, Jumatatu itafika hakuna aliyepata kitu."

"Basi kaa kwenye gari. Kule nyuma ya miti, nisikuone."

"Utalitafuta gari."

Merle akageuka kuitazama miti. Alijua angelitafuta.

"Na je," akasema kwa sauti ya chini, "ukifa kule mimi niko juu?"

"Nitakuwa kitandani, mama yako kando yangu. Mtu aliyelala hana pa kuangukia."

Hapo msichana akaingia ndani, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akalaza kichwa kwenye blanketi. "Yale niliyokwambia jana..."

"Ulitupa parachuti chini," Holger akasema, akimpapasa nywele. "Hilo ndilo lililoniuma."

Jumapili asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, Holger akamwita Reinhild garini. Alikuwa ameshakalishwa mbele, kiti kimelazwa nyuma, uso una rangi ya nta.

"Ndiyo yangu hii hapa," akamwambia. "Nakupa sijaona kwa macho. Hujawahi kunisikia nikifanya hivyo."

"Sijawahi," Reinhild akasema. Ile sauti ya tarumbeta ilikuwa imekauka yote.

"Akinyanyua mapema, hata kwa nukta, hufungi mikanda. Usije ukasema Holger anakufa, ngoja nimpe mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na siku nyingine uliza kwanza, ndipo ufunge. Una haraka kama mbuzi."

Reinhild akacheka huku machozi yanamshuka, akamshika mkono dirishani, akashindwa kuuachia mpaka Silke alipowasha gari. Merle alikuwa amesimama kando ya njia. Hakupunga mkono. Alitaka kuliona gari likienda, likishuka kilima, likipotea kwenye miti, ili shingo yake iwe na uhakika.

Walipofika njia panda, Holger akasema, "Nishushe nyumbani, wewe urudi. Mmoja wetu aone."

"Umemwambia mtoto nitakuwa kando yako."

"Nitamwita jirani."

"Holger, mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na uwanja. Nyamaza nikuendeshe."

Nyumba yao ilikuwa chini kabisa ya bonde, na dirisha la chumbani lilionyesha paa la jirani, mti wa peasi na kipande cha mbingu kisichozidi shuka. Silke akakigeuza kitanda kielekee huko. Mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme, wanajiandaa na safari yao, wanapiga soga. Holger akakaa anasoma kile kipande cha mbingu. Ukungu umeondoka. Sasa nyasi zinakauka. Sasa Alois anakagua waya, anamtukana mtu. Wingu dogo likatokea juu ya paa, jeupe, chini yake pamekatika sawasawa, akajua hewa imeanza kupanda.

"Saa hizi anaruka na Reinhild," akasema. "Raundi ya kupasha mkono."

Silke alikuwa anamenya peasi ambayo hakuna aliyekusudia kuila. Wingu likapita, likaja jingine. Ghafla Holger akatupa blanketi pembeni.

"Washa gari. Turudi. Nitajificha, nitalala chini ndani ya banda, nitachungulia kwenye ufa. Silke, mara moja tu. Niione mara moja tu!"

Akataka kusimama, miguu ikamkataa. Silke alisimama na kisu mkononi, hajui amshike au achukue funguo. Angechukua funguo. Kama angeambiwa mara ya pili, naapa, angezichukua. Holger akakaa ukingoni mwa kitanda anahema, anakitazama kile kipande cha mbingu, na baada ya muda akarudisha miguu juu yeye mwenyewe.

"Acha," akasema. "Acha tu."

Akalia, na hakujificha. Mkewe hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya daktari. Akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia kwa nyuma, wakakaa hivyo wanaangalia paa la jirani.

Kivuli cha mti wa peasi kilikuwa kimeshaufikia ukuta walipoanza kusikia honi. Ilikuwa mbali, juu kilimani, honi isiyokatika, ikishuka na kona zote za barabara. Alois huyo, hakuna mwingine mwenye adabu mbaya kiasi hicho siku ya Jumapili. Silke akajiinua kiwiko.

"Unasikia?"

"Nasikia," Holger akasema. "Kiziwi atasikia."

Magari yakajaa uani. Milango ikapigwa, kisha sauti za watu zikashuka, mtu akawanyamazisha wenzake. Merle akaingia peke yake. Nywele zimesimama, uso umepakwa vumbi na machozi na kicheko, na mikononi ameshika shada kubwa la mbigili na miiba ya shambani, vidole vinatoka damu. Maua ya aliyeruka peke yake mara ya kwanza ndiyo hayo, na sharti uyashike kwa nguvu, bila glavu, mkono ujifunze kutoung'ang'ania usukani.

"Lete habari," Holger akasema.

"Nimetua laini."

"Ulitazama wapi?"

"Mwisho wa uwanja." Akavuta pumzi. "Sikugeuka, Baba. Palikuwa hapana kitu pale, nyasi tu. Sikugeuka."

"Reinhild anasemaje?"

"Analia tangu mchana. Hana maana kabisa."

"Kaa basi."

"Siwezi kukaa," Merle akasema, akacheka, akajishika makalio. "Wamenipiga wote. Mzee Alois ana mkono, sijui wa mtu au wa trekta."

Ndiyo desturi yao. Anayerudi salama kutoka angani peke yake huinamishwa, klabu nzima inapanga mstari, na kila mmoja anamchapa kofi moja la makalio, bila kuonewa huruma. Wanasema hewa inayopanda haionekani kwa macho, mrukaji huisikia kwanza kwa makalio yake, na makalio yasiyochapwa hayajifunzi kusikia. Katika miaka yake Holger alikuwa ndiye wa mwisho kwenye mstari, na watu wazima walikuwa wakimwogopa. Kofi lake lilisikika mpaka kwenye winchi.

"Umebaki wewe," Merle akasema. "Nimewaambia bado mmoja."

Akaliweka shada mezani. Akageuka, akainama, akashika kabati kwa mikono yote miwili, akakaza mabega na kufumba macho, kama mtu anayejua kinachomjia. Silke akamwinua mumewe kidogo kwa mto. Holger akautoa mkono chini ya blanketi, akautazama, akaunyoosha polepole mpaka ukamfikia mtoto wake. Uani watu walikuwa kimya, wanangoja kusikia.

Merle naye alingoja, meno ameyauma.

"Piga basi, Baba," akasema.

"Nimeshapiga, mwanangu."